Sanda ya Mama Lamei

Wifi yangu Shafiqa tulimzika mwaka jana, Saumu Kuu ya kabla ya Pasaka ikiwa ndiyo kwanza imeanza, tukamvika kitambaa cha dukani. Pamba ya kawaida, imekatwa asubuhi ile ile, mikunjo ya dukani bado haijatoka. Wanawake wakatazamana. Mmoja aliyetoka Kairo, mke wa binamu sijui wa nani, akaninong'oneza, "Si alikwenda Yerusalemu huyu? Sanda yake iko wapi?" Nikamwambia, "Imetangulia." Nadhani akaniona nimechanganyikiwa kwa msiba. Sikuchanganyikiwa hata kidogo. Nilikuwa na hasira, kwa sababu mtu anayekuja msibani kukagua nguo ya maiti anastahili jibu kama hilo.

Sasa naieleza mwenyewe. Nisipoeleza mimi wataeleza wao, na wao hawajui kueleza, wanajua kuongeza chumvi.

Shafiqa aliolewa na kaka yangu Ghattas akiwa msichana mwembamba, mdomo mwepesi, mkono mwepesi zaidi. Unga ulikuwa ukimwona unaumuka wenyewe. Mimi wifi mtu nilijitahidi sana kumtafutia kasoro mwaka ule wa kwanza, maana ndiyo kazi ya wifi, nikaambulia moja tu: ubishi. Ukimwambia jua limetua atakwenda kwanza mlangoni kutazama. Kaka yangu alikufa mapema, ini lilimmaliza, akamwachia vijana wawili, Lamei na Bakhoum. Na tangu Lamei alipozaliwa hakuna mtu hapa Nagaa Tawil aliyemwita tena Shafiqa. Alikuwa Mama Lamei, kama mimi nilivyo Mama Sidhom, na akiitwa hivyo alikuwa anaitika kwa shingo ndefu, utadhani katajwa mke wa waziri.

Lamei alikuwa mtoto wa kanisani. Wenzake wako mferejini wanaogelea, yeye yuko na mashemasi anaimba. Nilikuwa namtania, "Wewe, mke utampata ndani ya kitabu cha zaburi?" Anacheka kwa aibu, anatazama chini. Kumbe mwenzangu alishakata shauri. Alipomaliza chuo cha kilimo akaenda kuomba utawa monasteri ya Abba Halmoni, kule jangwani, wakamjaribu, wakamkubali.

Siku ya kuvishwa utawa tulikwenda kwa basi la kukodi, kijiji karibu kizima. Kwetu anayekuwa mtawa husomewa sala ya maiti. Analala sakafuni mbele ya madhabahu, wanamfunika pazia, wanamwimbia zile zile nyimbo za wafu, kisha anainuka na jina jingine. Aliyelala ni Lamei wetu, aliyeinuka ni Abuna Harmina. Mimi nililia mpaka leso ikalowa. Shafiqa akapiga vigelegele. Mbele ya askofu! Nikamvuta gauni: "Wifi, una wazimu?" Akasema, "Niache. Nani mwingine umewahi kumwona anazika mwanawe kwa furaha? Basi tazama, uwasimulie wajukuu."

Tangu hapo tukienda kumtembelea alikuwa akimbusu mkono mwanawe mwenyewe na kumwita Abuna, kama tunavyowaita makasisi na watawa wote. Naye alikuwa akimwita "mama" kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba. Nyumbani hakurudi tena, hata baba yake alipokufa, hata Bakhoum alipoanguka juu ya jukwaa la ujenzi akavunjika mguu. Maiti harudi nyumbani. Kazi aliyopewa kule ilikuwa kuoka mkate wa misa, ule mdogo wa mviringo wenye mhuri wa misalaba, na watu walikuwa wanausifu. Mama yake akisikia hivyo anaangalia viganja vyake na kusema, "Mkono huo nimempa mimi."

Baadaye Shafiqa naye akaenda Yerusalemu. Alirudi amechanjwa mwaka wa safari yake chini ya ule msalaba tunaochanjwa sote mkononi, ana mishumaa ya kugawa, na ana sanda. Ya kitani, nyeupe, ina picha ya Ufufuko, ameilaza kwa mikono yake juu ya jiwe la kaburi la Bwana. Jirani yetu Hajati Nafisa alikuwa na yake kutoka Makka, ameiosha kwa zamzam. Loo, wale wawili! Kila baada ya sikukuu wanazianika darini, huyu upande wake wa ukuta, yule upande wake.

"Mama Lamei, yako inaanza kuwa ya manjano."

"Macho yako ndiyo ya manjano, Hajati. Kapime ini."

"Haya, tutaona nani ataivaa kwanza."

"Tangulia wewe. Mkubwa hutangulia."

Wakaishi hivyo, kwa raha zao, mpaka siku kasisi wetu Abuna Yuwaqim alipopanda ngazi za darini. Tulikuwa tunageuza mikate juani, iumuke upande wa pili kabla ya kuingia tanurini. Abuna Yuwaqim ana magoti mabovu, hapandi ngazi za mtu bure. Nikajua kuna jambo.

"Mama Lamei, kaa."

"Nimekaa, Abuna. Sema."

"Kule monasteri kuna ndugu amekufa. Abuna Wanas. Ameuawa."

Shafiqa akajipiga ishara ya msalaba. "Mungu amlaze pema. Na Harmina? Mzima?"

Kasisi akaitazama mikate. "Mzima. Yuko kwa polisi."

Alichukua muda kuelewa, na alipoelewa alisema kitu ambacho watu walikirudia kijiji kizima, wengine kwa huruma, wengine kwa kicheko: "Mmekosea mtu. Mwanangu nilishamzika mimi, nimesimama. Maiti hamuui mtu." Kisha akarudi kugeuza mikate. Aliimaliza yote.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo, na ndiyo maana kinauma. Mkuu wa monasteri alimweka Abuna Wanas kuwa msimamizi wa jiko la mkate wa misa, juu ya Harmina aliyeoka miaka yote ile. Wanas alikuwa mtu wa kuchagua. Mkate ukipasuka juu hauendi madhabahuni, hilo kila mtu analijua, lakini yeye alianza kuirudisha sinia kwa sinia, mbele ya wenzake, akisema huu umepasuka, huu mhuri wake hafifu, huu ameoka nani, kipofu? Harmina alikuwa hajibu. Mtoto yule tangu zamani hakujua kujibu, alikuwa anameza. Alfajiri moja Wanas akairudisha sinia ya mwisho, akaongeza maneno kuhusu mwanamke aliyemfundisha kukanda. Harmina alikuwa na chuma cha kuchokolea makaa mkononi. Alipiga mara moja.

Haya hatukuyasikia sokoni. Aliyatamka mwenyewe, gerezani, nami nilikuwepo. Shafiqa alimuuliza kupitia wavu, bila salamu, "Ulimpiga?"

"Nilimpiga, mama."

"Kwa ajili ya mkate?"

Akainamisha kichwa. Shafiqa akamuuliza kama wanampa blanketi. Tulipofika kwake aliketi kizingitini na kulia kwa sauti, kilio cha msiba hasa, na hakuna jirani aliyekuja. Watakuja kumpa pole ya nini? Mwanawe hajafa. Mimi nilimshika bega tu.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa mjini hawalielewi. Abuna Wanas alikuwa na kwao. Jina lake la nyumbani lilikuwa Zarif, mtu wa Kom Zeitun, vijiji viwili kutoka kwetu, na ana kaka yake mkubwa anaitwa Rushdi, mtu wa shamba, kimya, mkono mzito. Askofu alimzika Wanas kule kule monasteri, akapokea yeye salamu za rambirambi, kwa kuwa mtawa hana ukoo, ukoo wake ni monasteri. Rushdi akarudi nyumbani akafunga mlango. Hakuweka hema la msiba, hakupika kahawa, hakuna aliyeruhusiwa kumwambia pole. Kwetu anayekataa pole ana maana moja tu: bado anatafuta mtu wa kulipa.

Lakini makasisi walimwendea wakambana kwa hoja. Wakamwambia, wote wawili walikuwa wamekufa kwa dunia. Harmina hana baba wala ndugu, utamdai nani? Rushdi alinung'unika tu. Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa inamweka Bakhoum hai. Alikuwa anaendelea na kazi yake ya kupiga lipu, na mchumba wake alikuwa anashona nguo za harusi.

Mahakama ikampa Harmina kifungo cha maisha. Na wiki chache baadaye maaskofu wakakaa, wakamvua utawa. Tangazo likasomwa makanisani kote, na kwetu alilisoma Abuna Yuwaqim kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa: kwamba yule aliyeitwa Harmina si mtawa tena, na anarudi kwenye jina lake la awali, Lamei Ghattas. Watu wakashusha pumzi, kanisa limejisafisha. Shafiqa pembeni yangu akainua kichwa na kusema, wala si kwa kunong'ona, "Wamenirudishia mwanangu."

Nilimfinya paja mpaka nadhani ilibaki alama. Lakini maneno yalishatoka.

Jioni ile ile mchuuzi mmoja wa ng'ombe akaja na ujumbe wa Rushdi. Maaskofu walidhani wamefuta aibu, kumbe wametuletea damu mlangoni. Rushdi alisema hivi: alipokuwa Harmina sikuwa na neno nanyi. Sasa ni Lamei mwana wa Ghattas. Lamei ana ndugu. Ndugu huyo aandae nafsi yake.

Bakhoum akaacha kazi, akajifungia ndani. Baba wa mchumba akatuma salamu kwamba harusi isubiri. Mchuuzi akaja tena, safari hii na mlango mdogo wa kutokea, na nitasema haki, ulikuwa mlango wa huruma. Rushdi hakuwa na kiu ya damu, alikuwa na kiu ya heshima. Akataka Shafiqa asimame kanisani Jumapili, mbele ya watu, aseme: Lamei si mwanangu, mimi nina mtoto mmoja, Bakhoum. Hapo Bakhoum atakuwa hana ndugu muuaji, na Kom Zeitun hawatakuwa na la kumdai.

Kijiji kikashangilia. Rahisi namna hiyo! Na wanawake kwa wema wao wakaanza kumzoesha mapema. Kisimani, kinuni, kanisani: "Habari za asubuhi, Mama Bakhoum." Hageuki. "Mama Bakhoum, chumvi unayo?" Anapita kama kiziwi. Hajati Nafisa peke yake alikuwa anapiga kelele juu ya ukuta, "Mama Lamei, kuku wako yuko kwangu!" na anaitikiwa papo hapo.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilimwendea nikamkalia mbele. "Wifi, ni maneno. Yanatoka mdomoni, yanakwisha. Nani atakwenda gerezani kumwambia?"

"Nilishakwenda mwenyewe kumwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema, mama, nikane. Mimi nilishakufa, mwokoe Bakhoum."

"Basi! Mwenyewe karidhia!"

"Mara ya kwanza alipokufa nilipiga vigelegele," akasema. "Mara hii sipigi."

Bakhoum alikuwa amesimama mlangoni, ndevu zimemjaa, hajaona jua siku nyingi. Sikuwahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti mpaka siku ile.

"Neno moja, mama! Neno moja tu! Unamchagua muuaji, mimi unaniacha nichinjwe kama kondoo?"

"Sikuchagui wewe wala simchagui yeye. Niliwazaa."

"Yeye alituacha! Nilipovunjika mguu alikuja? Baba alipofanyiwa arubaini yuko wapi? Kavaa kofia yake ya utawa akaenda kwa Mungu, akaniachia mimi shamba la miwa, deni la dawa na wewe. Na sasa amerudi kwa kuniua!"

Alikuwa anasema kweli, na sote tulijua. Shafiqa akamwambia, "Mtoto akikunyea mkononi huukati mkono, mwanangu. Unanawa. Niache nifikiri namna ya kunawa."

Bakhoum akacheka kicheko kibaya, akarudi ndani. Nami nikaondoka nimekasirika. Nilimwambia mume wangu kwamba wifi yangu amerogwa na ubishi wake na mtoto atakufa kwa ajili ya jina. Nililia pia, sitaki kusema uongo. Bakhoum nilimpakata mimi siku ya ubatizo.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa mpaka nje, hata watu ambao huwaoni ila Krismasi. Misa ikaisha, Abuna Yuwaqim akamtazama Shafiqa, akamsubiri. Shafiqa akachukua mkate wake wa baraka, akaubusu, akatoka. Jambo likaishia hapo. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Kamuua mwanawe wa pili."

Nilimkuta nyumbani amefungua sanduku. Ameitoa sanda ya Yerusalemu, ameikunja vizuri, ameiweka mapajani. Amevua viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kom Zeitun."

Nikajua papo hapo. Kwetu damu ikitaka kukatwa, mtu wa upande wa muuaji hubeba sanda mikononi, pekupeku, mpaka mlangoni kwa wenye damu. Maana yake: niko hapa, na nguo ya kaburini nimekuja nayo, mkitaka chukueni, mkitaka sameheni. Lakini hiyo ni kazi ya mwanamume, na tena huwa na wazee, na makasisi, na polisi wawili pembeni. Mwanamke hajapata kuifanya.

"Wifi, watakucheka."

"Wacheke. Kicheko hakina risasi."

"Mpeleke Bakhoum basi, kwa utaratibu."

"Bakhoum hana kosa, simvui viatu. Mimi ndiye niliyezaa wote wawili." Akasimama. "Wewe kama unakuja njoo, kama unataka kubishana baki ubishane na kuku."

Nikavaa shali yangu nikamfuata. Ningefanyaje? Tukapita njia ya mfereji, jua la mchana, vumbi la moto. Yeye mbele, sanda kwenye viganja viwili. Watoto wa njiani walikuwa wanaanza kuuliza, wakubwa wanawavuta masikio, kwa kuwa kila mtu anaijua sanda iliyobebwa namna ile. Miguu ilimuungua. Nilimwambia tupumzike kivulini, akasema akikaa hatainuka.

Rushdi na ndugu zake wawili walikuwa wamekaa barazani kwao wanakunywa chai. Walipotuona wakasimama. Rushdi ni mtu mkubwa, na hata sharubu zake zilikuwa zimekasirika.

"Mmepotea njia, wamama."

"Hatujapotea," akasema Shafiqa.

"Wewe ni nani?"

Alijua vizuri sana. Lakini ilimlazimu kuuliza, na Shafiqa ilimlazimu kujibu. Nikaomba kimyakimya aseme Shafiqa, mjane wa Ghattas. Aseme Mama Bakhoum. Chochote.

"Mimi ni Mama Lamei."

Mmoja wa wale ndugu akatukana. Rushdi akainua mkono kumnyamazisha. "Nilikuomba neno moja," akasema. "Moja! Nikuachie mwanao. Nikakutafutia njia, mimi niliyefiwa ndiye niliyekutafutia njia!"

"Najua, mwanangu. Mungu akulipe. Ila nikisimama kanisani niseme Lamei si wangu, ndugu yako atakuwa kauawa na nani? Na mtu asiye na kwao? Na upepo? Lamei ni wangu. Kamuua Zarif wenu, bila haki, kwa ajili ya mkate. Kaniambia mwenyewe. Na Bakhoum ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja, hilo nalo sikatai. Kama lazima mzike mtu, sanda hii hapa. Nimeilaza kaburini kwa Bwana. Sikutaka kuwatia gharama."

"Sisi hatuui wanawake," akasema Rushdi. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Basi niitie mwanamke."

Hakukuwa na haja ya kuita. Mlango nyuma yao ulikuwa umeshafunguka. Kikongwe mdogo, amevaa nyeusi tupu kuanzia kichwani mpaka miguuni, amejishikiza kwenye mlango. Kwa nilivyosikia alikuwa hajatoka nje tangu habari ile ilipofika.

"Nani amesema Zarif?" akauliza.

Wanawe wakageuka. "Mama, rudi ndani."

"Nimeuliza, nani amelitaja jina la Zarif? Kila mtu ananiambia Abuna Wanas, Abuna Wanas. Hata ninyi. Nani aliyesema Zarif?"

"Ni mimi," akasema wifi yangu. Akapanda barazani kwa miguu yake ile iliyoungua, akapita katikati ya wale wanaume kama hawapo. Akaiweka sanda mikononi mwa yule mama. Kisha akamshika uso kwa viganja vyake viwili.

"Pole, Mama Zarif," akasema. "Pole sana. Mwanangu amekuulia mwanao."

Yule kikongwe akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa kilio mwanzoni, kilikuwa kama mtu anayekohoa kitu kilichomkwama siku nyingi. Kisha akalia, na maneno ndani yake. "Wewe ndiye wa kwanza," akawa anasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole. Askofu kachukua pole zangu. Hawa nao wakanifungia mlango, eti wananilindia heshima. Nimzae mimi, auawe, na nisipewe pole na mtu hata mmoja! Nimekaa humo ndani kama mtu asiyefiwa!"

Akageuka kwa Rushdi, machozi yanamtiririka, sauti imepanda. "Lete kahawa."

"Mama…"

"Kahawa ya msiba, bila sukari. Au niingie jikoni mwenyewe mbele ya mgeni?"

Nilimtazama Rushdi, na yeye alimtazama mama yake, na sanda ile nyeupe kifuani kwake. Mtu akipika kahawa amepokea pole, na akipokea pole hamtafuti mtu tena. Tulilijua sote pale barazani. Ndugu zake wakamtazama yeye. Wifi yangu hakumtazama, alikuwa amemkumbatia yule mama, wanayumba pamoja. Rushdi akapangusa uso kwa kilemba chake, akaingia ndani. Tukasikia kahawa ikitwangwa kinuni, na kitu kikaanguka kikavunjika, na yeye akakilaani.

Harufu ya kahawa kijijini haifichiki. Kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, wanawake wa Kom Zeitun wakaanza kutokea kwenye vichochoro, mmoja mmoja kwanza, kisha makundi, wanafunga vizuri vitambaa vyao vyeusi. Walikuwa wanangojea siku hiyo tangu zamani. Tukaketi kwenye mkeka, mama mwenye nyumba mwanzoni, ameilaza sanda mapajani na hakuiachia tena mpaka tulipoondoka. Alisema Zarif wake walimvika wao huko huko, hakuona hata uzi wa nguo yake, na sasa ana kitu cha kushika. Nani angemnyang'anya? Pembeni yake alikaa wifi yangu, nami nikafuata.

Na desturi ni desturi, mstari wa msiba ukishaanza unapita kwa wote waliokaa. Wa kwanza aliinama, akampa mkono mwenye nyumba: "Pole, Mama Zarif." Akasogea. Akamkuta mama wa muuaji. Nikaona anasita, mkono uko hewani, hajui aupeleke wapi. Mama Zarif akainua uso.

"Naye mwanawe amekwenda," akasema. "Mpe."

Yule mwanamke akaushika mkono wa wifi yangu. "Pole, Mama Lamei," akasema, akasogea, na aliyemfuata akasema vivyo hivyo, na wa nyuma yake.